Samaki wa Stima Sebuleni Kwetu

Kaka yangu alikuwa fundi wa redio Eastleigh, Nairobi, na alipohamia Mombasa kikazi aliniachia samaki wake. Tangi la kioo lilichukua upande mzima wa sebule yetu mtaani Jericho. Mume wangu alilazimika kusogeza kochi lake, na nadhani jambo hilo hakulisahau.

Samaki mwenyewe alikuwa mweusi-mweusi, urefu wa kiganja, mdomo umechomoza mbele kama mkonga mdogo. Mchana hakutoka kamwe. Alijificha ndani ya kipande cha bomba tulichokilaza mchangani. Giza likiingia, nikizima taa, alitoka kupapasa chini akitafuta minyoo. Macho yake yalikuwa dhaifu. Njia aliijua kwa stima, yaani umeme, iliyotoka mkiani mwake, stima ndogo sana, hata ukitia mkono majini huwezi kuihisi. Kaka alinifundisha kuisikiliza: unatumbukiza nyaya mbili, unaziunganisha na spika ya redio kuukuu, inalia tak-tak-tak. Akiwinda, milio ilienda mbio, akitulia, ikapungua. Mimi nilishinda kwenye cherehani sokoni Gikomba, masikio yamejaa kelele za mikokoteni. Kukaa pale gizani nikisikiliza ndicho kitu pekee nyumbani kilichokuwa changu.

Jumamosi moja nilirudi nikakuta taa zote zinawaka. Mume wangu alikuwa na wenzake watatu wa kiwandani. Alikuwa amekunja shati hadi begani, mkono umo ndani ya tangi, anatikisa lile bomba.

"Si ulisema ni wa stima?" mmoja wao alisema, ameshika balbu. "Hebu aiwashe basi!"

"Muache!" nikasema.

"Mama watoto, wageni wanataka kumwona tu. Tuletee chai."

Samaki akachomoka, akajigonga kwenye kioo, akageuka, akajigonga tena. Wakacheka. Wakamfukuza na balbu ile hadi maji mengi yakamwagika kwenye zulia. Kabla sijaweka mkoba chini, yule mwenye balbu alikuwa ameshajaza ndoo mferejini na kuimimina yote ndani. Nilipiga kelele. Maji ya mfereji yana dawa inayodhuru samaki. Lazima yakae kwanza hadi kesho yake. Mume wangu alikuwa anajua, maana ndoo yangu ya kuyatulizia ilikuwa inakaa pale pale mlangoni, na kila siku aliilalamikia.

Asubuhi samaki alikuwa anaelea kwa ubavu, amekufa.

"Ni samaki tu," mume wangu alisema, akichovya mkate kwenye chai. "Nitakuletea tilapia mkubwa umkaange, ufurahi."

Nikamwambia avae viatu, twende tumpigie kaka simu. Kwenye kibanda cha simu alitia sarafu, na nikamsikia anasema, "Shemeji, yule jamaa wako amekatiwa stima!" Akaangua kicheko. Nilipompokonya mkono wa simu, nikakuta kaka yangu naye anacheka kule Mombasa.

"Dada, usijisumbue. Nitakutafutia mwingine."

"Sitaki mwingine," nikamwambia. "Nataka mtu mmoja tu aseme amefanya vibaya."

Simu ikakatika.

Jumamosi iliyofuata wenzake mume wangu walikuja tena. Sikusimama. Nilikaa kwenye kochi la mume wangu nikipinda suruali ya mteja.

"Mama watoto, na chai?"

"Jiko lile pale."

Waliangaliana, wakanywa maji, wakaondoka mapema. Baada ya hapo walikutana kwingine. Tangi nilimpa jirani aliyeuza mandazi, akawa anapanga mandazi yake ndani.

Mume wangu hajawahi kuomba radhi hadi leo. Wageni wakija hupenda kuwasimulia kisa cha balbu, na hukikatiza mahali pa kuchekesha. Siku hizi simwachi akomee hapo. Naweka sahani chini na kuwaambia wageni, "Kisha wakamuua." Yeye hukasirika kwamba ninamwaibisha mbele ya watu. Na akasirike.