Tangi la Shamba Lisilo na Nguruwe

Nguruwe wa mwisho walipofukiwa, Guk Bong-rye alikuwa bado amesimama mlangoni mwa banda na ndoo ya chakula mkononi, hana wa kummiminia. Ilikuwa Januari, theluji imefika magotini, na ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeshaingia mkoa wa Chungcheong. Nguruwe wa Mzee Pyo, mwenye shamba, elfu moja na mia mbili, walikuwa wazima. Aliyepatwa ni jirani. Lakini amri ilikuwa amri: mashamba yote ya karibu yafukie nguruwe wao. Aliyewaswaga hadi shimoni alikuwa Deok-su, mume wa Bong-rye, kwa sababu hawakuzoea kumfuata mtu mwingine.

Deok-su hakulia. Alikaa wiki tano akila anachoandaliwa, haongei la maana. Kisha asubuhi moja ya Machi akafunga begi.

"Naenda kisiwani Geoje. Wanatafuta wapaka rangi wa meli."

"Na mimi, baba Hae-won?"

"Mzee Pyo atahitaji mtu wa kubaki."

"Abaki amlishe nani? Panya?"

Deok-su akatabasamu, mara ya kwanza tangu Januari, akatoka. Hae-won, binti yao, alikwisha olewa Incheon. Nyumba ikabaki na mtu mmoja na redio.

Kumbe kazi ilikuwapo. Nyuma ya mabanda kulikuwa na tangi la zege la kusafishia maji machafu, ambalo Deok-su alilitunza kwa miaka kumi na tisa. Tope lake la kahawia lilijaa bakteria wanaoishi kwa amonia itokayo kwenye mkojo wa nguruwe. Kundi moja huila na kuigeuza nitriti. Kundi la pili huichukua hiyo nitriti na kuigeuza tena, hata maji yakitoka hayaui samaki mtoni. Sasa mkojo haukuwapo, na Mzee Pyo alitaka tangi limwagwe.

"Siku tukiruhusiwa kufuga tutatafuta tope jipya," alisema.

"Utalitoa wapi, bosi?" Aliyeuliza ni Noh, fundi aliyezunguka mashambani kukagua mitambo. "Na ugonjwa huu, tope la shamba la mtu halivuki barabara. Na wilaya haikuachii nguruwe kama maji yako hayasafishiki. Ukilimwaga hili, umemwaga shamba."

Mzee Pyo akaguna, akawaachia tangi yeye na Bong-rye.

Wiki ya kwanza Bong-rye aliiwasha mashine ya kupuliza hewa kutwa nzima, akidhani anawafadhili bakteria. Noh aliisikia tangu barabarani, akaja mbio akaizima.

"Mama, utawamaliza!"

"Nawapa pumzi!"

"Mwenye njaa humkimbizi. Hewa inawafanya waunguze akiba iliyobaki mwilini. Ukiwanyima wanatulia, wanajikunyata, wanangoja. Wengine hukaa hivyo miezi. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni, tope lisioze. Na kila siku ya tatu, kikombe kimoja cha mbolea yenye amonia."

"Kikombe kwa tangi lote hili? Watashiba kweli?"

"Nani kasema washibe? Wasife tu."

Basi akaanza hivyo. Dakika zile kumi alisimama ukingoni akitazama mapovu, na mawazo yote yalimwendea Deok-su: nani anamfulia kola, nani anamwambia kofia yake imekaa upande. Alikosa vitu ambavyo zamani vilimkera. Alikosa anavyokohoa kabla ya kusukuma mlango. Alikosa maganda ya njugu anayoyaficha chini ya mkeka akidhani haonekani. Aliendelea kupika wali wa watu wawili, akaula wa pili kesho yake, umepoa.

Simu ililia Jumapili, saa sita mchana.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula."

Nyuma ya Deok-su nyundo zilikuwa zinagonga chuma. Bong-rye alitamani kusema rudi. Badala yake akasimulia habari za tangi.

"Lina rangi gani?" Deok-su aliuliza.

"Kama chai ya shayiri."

"Na harufu?"

"Udongo ulionyeshewa."

"Basi wapo."

Maneno hayo mawili alikaa nayo wiki nzima.

Agosti joto lilikuwa kali, na Noh akaonya kwamba katika maji moto njaa huua haraka. Bong-rye akashona magunia, akalitandia tangi kivuli, akiyamwagia maji ya kisima kila adhuhuri. Mwanamke wa dukani akamcheka: "Mume kakukimbia, sasa unalea matope?"

"Angalau haya yamekaa nyumbani," alijibu, akachukua chumvi yake akaondoka. Alilia njiani, kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha kichwani.

Oktoba kibali cha kufuga kikaja, kwa sharti kwamba maji yapimwe mwezi ukiisha. Mzee Pyo alikuwa ameagiza nguruwe mia tatu.

"Sitini," alisema Bong-rye.

"Bosi hapa ni nani?"

"Ni wewe, bosi. Lakini hawa wameshinda njaa miezi tisa. Ungempa mtu wa namna hiyo ng'ombe mzima kwa mlo mmoja?"

Mzee Pyo alimtazama sana, kisha akachukua simu. Wakaja sitini, wadogo, wakipiga kelele. Bong-rye alikaa kwenye majani makavu katikati yao hadi miguu ikafa ganzi.

Siku ya nne amonia ilianza kushuka. Kundi la kwanza limeamka! Lakini karatasi ya kupimia nitriti iligeuka waridi iliyokoza, ishara kwamba nitriti imejaa, na waridi ikabaki siku ya sita, ya kumi, ya kumi na tano. Mzee Pyo akawa anakuja kuitazama mara tatu kwa siku.

"Kundi la pili huamka kwa uvivu," Noh alisema. "Tia chokaa, maji yasichachuke. Usiongeze nguruwe. Usibadilishe kitu."

"Nikae tu?"

"Ukae tu, mama."

Siku ya ishirini karatasi ilitoka imepauka. Akapima tena, na tena. Wiki iliyofuata wa wilaya wakapima, wakatia sahihi. Siku hiyo Bong-rye alipiga simu ingawa haikuwa Jumapili.

"Ulingoja," alisema Deok-su.

"Nimezoea."

Deok-su alikuja Novemba, kusaidia kutia kabichi chumvi kwa ajili ya majira ya baridi. Alilizunguka tangi, akachota tope kwa kiganja, akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Bandani hakuingia. Nguruwe walipopiga kelele za njaa, mikono yake ilisimama juu ya kabichi, na Bong-rye akaiona. Hakumwomba abaki. Siku ya tatu alimfungia mtungi wa kimchi, kabichi ile ya chumvi, kwa vitambaa viwili, akamsindikiza hadi kituoni.

Wanaishi hivyo sasa. Mwezi mmoja huja yeye, mwezi mwingine huenda Bong-rye, saa tano na nusu za basi, amemwachia Noh funguo za mashine. Akishuka Geoje humkuta Deok-su amefika mapema mno, amesimama upande wa barabara usio na kituo, ananyoosha shingo kila basi linapopita.