Baba Yuko Ugenini

Juzi nilikuwa kwa kinyozi, hapa Msamala, televisheni ikasema timu yetu inacheza ugenini. Damu ikanichemka.

Utotoni nilidhani Ugenini ni mji. Alasiri moja redio ilikuwa ikitangaza fainali ya klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati, na bingwa wetu alikuwa ugenini. Betri tulikuwa tumezianika juani zipate nguvu. Koti la baba, lililonuka tumbaku, lilining'inia mlangoni. Mama alikuwa akipukuchua mahindi, na kila nilipomuuliza baba yuko wapi, alijibu, "Baba yako yuko ugenini."

Basi mashabiki walipolipuka kwa kelele, nikaruka. "Mama, baba yupo pale! Namsikia anashangilia!"

Mama alizing'oa betri, akazitupa uani. "Mwache huko huko!"

Nilimnunia siku nyingi kwa kuninyima mpira wangu. Kumbe niliyepaswa kumkasirikia alikuwa wilaya ya jirani, Namtumbo, kwa mke mwingine. Wachezaji wetu walifungwa nchi ya watu, wakarudi kwa aibu, lakini walirudi. Baba, hapo Namtumbo tu, akashindwa!