Nilisubiri Zamu Yangu ya Kulimiwa

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua za kwanza, mwanangu, kijijini kwetu upande wa Ushirombo. Wanawake tulikuwa tumejipanga mstari shambani kwa jirani yangu Milembe, kila mmoja na jembe lake. Hiyo ndiyo elika, kikundi cha kulimiana kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, mpaka wote walimiwe. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini mshahara wa mwalimu miaka ile ya themanini haukununua hata sabuni, maana sabuni yenyewe haikuwepo dukani. Nikiweka chaki chini nilishika jembe kama wenzangu.

Siku hiyo nilikuwa na habari inayoniwasha. Afisa elimu aliyekuja kukagua shule alikuwa ameniambia kwamba chuo kikuu kinapokea watu wazima walio kazini, wakifaulu mtihani wao maalumu, na kwamba hata sheria wanasoma. Nilikuwa na watoto watatu, na mume aliyekuwa akichimba dhahabu Nyarugusu na kurudi nyumbani kila alipoishiwa. Sheria niliitamani siku nyingi. Wanawake wasiojua kusoma walikuwa wakiniomba niwasindikize mahakama ya mwanzo, nami nilikaa pale kwenye benchi nimebana midomo, namwona mtu anaonewa na sijui pa kuanzia.

Nilipowasimulia, Milembe alisimamisha jembe.

"Basi nenda, mwalimu. Unangoja nini?"

"Zamu yangu bado," nikamjibu. "Nimelima kwenu wote. Mkishanilimia, mwakani naomba."

Wakacheka, nami nikacheka. Kwetu jibu lile lilikuwa la mtu mwenye akili timamu. Umewahi kumwona mtu aliyelima mashamba ya kijiji kizima akaondoka kabla halijalimwa lake? Tena nilikuwa na wahenga upande wangu: subira yavuta heri. Wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mtu mwoga huchagua wa kumsikiliza.

Wakanilimia. Mwakani ukafika, na sasa ni mimi niliyekuwa nadaiwa, maana kulima kukiisha kuna palizi, na palizi ikiisha kuna kuchuma pamba. Ningewaachaje watu waliokwisha kunitolea jasho? Mwaka mwingine nikasema mtoto wa mwisho aache kwanza ziwa. Akaacha, akaanza kukimbia na kuvunja vyungu vya jirani, nikasema nimngoje baba yao apate dhahabu ya kutosha arudi atulie. Huyo baba yao, Mungu amrehemu, alitulia alipozeeka, na si kwa sababu ya dhahabu.

Mwanangu, nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote wakati ule. Jembe lilikuwa kisingizio. Nilikuwa naogopa kukaa darasa moja na vijana niliowazidi umri kiasi cha kuwatuma maji, halafu nishindwe, nirudi kijijini watu wakinionea huruma. Nilikuwa naogopa, basi.

Kisha mume wa Milembe akafariki. Arobaini haijafika, mashemeji wakaja na maneno yao: Milembe amezaa mabinti watupu, shamba ni la ukoo, kwa hiyo achague kurithiwa na mdogo wa marehemu au arudi kwa baba yake. Milembe akakataa yote mawili. Shamba lile alikuwa amelisafisha kwa mikono yake, visiki vyake alivijua kimoja kimoja. Wakampeleka mahakama ya mwanzo, na pale akashindwa.

Jioni ile alikuja kwangu, akaketi mlangoni. Hakulia.

"Mwalimu, si wewe uliyetaka kusoma sheria? Hebu niambie, yameishia hapa?"

Hapakuwa na kejeli katika swali lake. Nikamwambia ninavyojua, kwamba kesi inaweza kupanda mpaka wilayani. Uso wake ukafunguka. Kisha, mwanangu, nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka chakula kinanishinda. Nikasema, "Ila tumalize kwanza kuchuma pamba. Pamba ikishapimwa tutakwenda pamoja, kwa utulivu." Milembe akakubali. Alikubali kwa sababu nimesema mimi, niliyesoma.

Pamba ilipokwisha tukaenda wilayani, tumevaa vitenge vyetu vya kanisani. Karani wa mahakama alikuwa kijana mpole. Akaisoma hukumu, akaangalia tarehe yake, akasema, "Mama zangu, muda wa rufaa umepita. Mmechelewa." Nikamtafsiria Milembe kwa Kisukuma, ingawa Kiswahili hicho alikielewa. Nadhani nilitaka neno lile lisikike tofauti. Tukarudi stendi, tukapanda basi, na njia nzima akayatazama mashamba ya watu dirishani. Angenitukana ningepumua.

Kesho yake nilikwenda kwa Mayu Kwandu, yaani Mama Kwandu, ndivyo tulivyomwita kwa heshima, maana ndiye aliyekuwa mkubwa wetu katika elika. Nilimkuta anapepeta mtama. Nikamsalimu, nikamweleza yote, na kwa kujitetea nikaongeza kwamba hata mimi mwenyewe ningekuwa nimekwenda chuoni zamani kama si madeni ya kulimiana. Hakuacha kupepeta.

"Mwalimu, elika ni mduara," akasema. "Mduara una mlango? Niliolima nao nikiwa msichana, wengine wameolewa mbali, wengine tumewazika. Wote wametoka wanadai au wanadaiwa. Wewe unataka kutoka huna deni. Basi utatoka umebebwa."

Akaniambia nisimzibie upepo, nikaondoka.

Mwaka ule nikaomba. Nikafanya mtihani, nikafaulu, nikaaga wanafunzi wangu, nikawaacha watoto kwa mama yangu, nikapanda treni ya Dar es Salaam. Vijana darasani waliniita mama, na hakuna aliyenicheka. Hofu yote ile ya miaka haikuwa na kitu ndani yake. Nililisha hofu hewa mpaka ikanenepa.

Sasa sikiliza. Siku moja mhadhiri alikuwa akifundisha habari za rufaa. Akasema, kama jambo dogo la kupitia tu, kwamba aliyechelewa anaweza kuiomba mahakama imwongezee muda, akieleza sababu yake, na mahakama ikiona sababu ni ya msingi inaweza kumkubalia. Wenzangu wakaandika. Mimi nikaweka kalamu chini. Sababu tulikuwa nazo: mjane aliye msibani, asiyejua kusoma, asiyeelezwa. Huenda tungekataliwa. Lakini mlango ule hatukuugonga, kwa kuwa msindikizaji wa Milembe alikuwa mimi, na mimi nilipaswa kuwa nimekwisha kusoma somo lile miaka mingi nyuma.

Likizo ilipofika nilikwenda Nyarugusu kumtafuta Milembe, aliyekuwa amehamia huko baada ya kupoteza shamba. Nilimkuta na wanawake wengine wakiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope. Tukakaa kando. Nikamweleza nilichojifunza, nikamwambia bado tunaweza kujaribu, nitaandika mwenyewe maombi.

Akatikisa kichwa. "Nimechoka, mwalimu. Mabinti wangu wameshaolewa huku huku. Usiniamshie yaliyokwisha lala." Akajifuta vumbi usoni. "Siku hizi wanalima nini pale kwangu?"

"Pamba."

"Inatoka?"

"Inatoka vizuri."

"Ile ardhi ilikuwa nzuri," akasema, akarudi kwenye nyundo yake.

Nilipata kazi ya sheria, mwanangu, na nimewasimamia wajane wengi. Wengine walishinda. Watu hunisifu, nami huitikia, lakini katika kila mjane aliyeshinda nimemtafuta Milembe na simwoni. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wa kwangu amekua mkubwa, naishi naye nyumba moja.

Umeniuliza uombe chuo mwaka huu au usubiri mdogo wako amalize shule. Sikwambii ukurupuke. Kama Kiingereza chako hakijanyooka, ngoja ukinyooshe. Kama mtoto anaumwa, muuguze. Kungoja kwa namna hiyo ni kazi, na kazi ina mwisho. Lakini ukijiona unangoja watu wamalize kukuhitaji, jua umesimama ndani ya mduara. Akimaliza huyo mdogo wako atakuja mwingine, na deni la watu wako halitaisha, wala si vizuri liishe. Peleka maombi ukiwa bado unadaiwa. Na huko mbele kuna mtu usiyemjua ambaye siku zake zinahesabiwa mahakamani wakati wewe unachuma pamba.

Nikuambie na la mwisho, nililoambiwa na Mayu Kwandu mwenyewe kabla hajafariki. Msimu wa kwanza nikiwa chuoni, elika walinilimia shamba langu lote, ingawa sikuwa nimelima kwa mtu. Aliyefika kwanza na jembe lake, kabla hajahamia Nyarugusu, alikuwa Milembe, ambaye hakuwa tena na shamba la kulimiwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie njia, akupe kichwa chepesi na moyo usioogopa. Na huku nyuma akuinulie watu wa kukulimia usipokuwepo, nawe uwahi kurudi kwao wakiwa bado na mashamba yao.