Kanda Iliyojaa Mapema

Boksi la kanda ya kuhifadhia data liliahidi kwamba mashine ya kunakilia ingezibana data zetu zitoshee maradufu. Uongo mtupu! Kila Ijumaa, kwenye kliniki yetu ya mtaa wa Donholm, nilinakili kumbukumbu za wagonjwa, na kila Ijumaa kanda ilijaa kazi ikiwa nusu. Nikasafisha mashine, nikabadilisha waya, nikanunua kanda nyingine. Wapi! Nikaanza kujishuku mwenyewe.

Siku moja nikaizaba ile mashine kofi. Mama wa mapokezi, mkaazi wa Kayole, akashtuka.

"Bado inajaa? Na vile mimi huzibana faili zote kila jioni ndio nikusaidie!"

Alikuwa anafanya vile sisi sote wa mitaa hii ya Eastlands hufanya kabla ya kutuma picha kwa simu, ili bando ya intaneti isiishe.

"Mama, nguo ukishaikamua, mashine itaikamua itoe maji gani? Ziache faili zikiwa kubwa, ndio zitoshee."

Akanitazama kama mgonjwa anayeweweseka, lakini akaacha.

Ijumaa iliyofuata mashine ikaonyesha imebana maradufu, sawasawa na ahadi ya boksi. Nikashangilia kliniki nzima ikanisikia. Halafu kanda ikajaa. Nilipoangalia, wagonjwa waliotoshea walikuwa walewale wa siku zote, hakuna hata mmoja aliyeongezeka.

Mama akaja, akachungulia skrini juu ya bega langu.

"Kwa hivyo nguo ni ileile," akasema, "ni mkamuaji tu umebadilisha?"