Pilau Iliyobaki Harusini

Nilisikia sufuria zikiburutwa uani kabla sijafumbua macho, kisha kicheko cha shangazi yangu, kile cha kuanzia puani, nikajua ninasemwa mimi.

Nilikuwa nimerudi Kibra likizo kutoka chuo kikuu, Kampala, ambako nilisoma uchumi na hisabati kwa pamoja. Niliyapenda masomo yote mawili kwa moto wa ujana, nami nikafanya kosa la kuwaambia hivyo watu wa nyumbani. Tangu siku hiyo shangazi akayaita wake zangu. Kila nikipita jikoni aliuliza leo ni zamu ya nani, na kama yule mkubwa, Hisabati, ameacha kununa.

"Mwanangu, hawa wawili unawalisha nini?" akaniuliza mbele ya wanawake waliokuwa wakichagua mchele. "Maana wewe mwenyewe umebaki shingo."

Baba hakucheka. Alikuwa askari mstaafu, bado anatandika kitanda chake kikanyooka kama meza, na aliamini mwanamume hushika kitu kimoja. Rafiki yake wa jeshini alikuwa amenipatia ukarani mjini, na angekuja kunichukua asubuhi baada ya harusi ya binamu yangu. Baba hakuwa ameamua kama nitamfuata au nitarudi chuoni. Nilimwomba anijaribu. Akazitazama zile sufuria, akasema nipige hesabu ya pilau ya harusi. Ikiwatosha watu, nitarudi Kampala.

Nilifurahi kuliko bwana harusi. Lakini harusi ya Kibra siku zile haikuwa na mwaliko: ukisikia ngoma, umealikwa. Watu walikuja kutoka Sarang'ombe, walikuja kwa miguu kutoka Kawangware, na kila mmoja alikuja na mwenzake. Basi kwa majuma yaliyobaki kabla ya harusi yetu nikazunguka harusi nyingine zote za msimu ule, nikatazama wazee wanavyokula na watoto wanavyorudia, nikachora kwenye karatasi mstari uliopinda kwa uzuri wa kuliza. Kutoka mstari huo nikampa shangazi kipimo cha mchele na nyama.

"Hii ni ya harusi au ya mgonjwa?" akauliza. Lakini akapika nilivyosema.

Mchana wa harusi ya binamu ngoma zikalia, uwanja ukajaa, wanawake wakacheza polepole katika nguo zao za rangi ya machungwa na waridi, na mimi sikuona chochote ila miiko. Sinia zikatoka, zikarudi, zikatoka tena. Watu wakanawa mikono. Na pilau ikabaki, sufuria nzima ikifuka mvuke, haijaguswa.

Baba akanipa mkono kama mwanajeshi kwa mwanajeshi. Ningeweza kunyamaza hapo. Ila mstari wangu ulisema watu watakwangua ukoko, nao haukuwa mstari wa kubakiza sufuria. Nikamwendea jirani yetu mmoja, mzee ambaye kwa kawaida hula mpaka akafungua mshipi, nikamuuliza mbona leo ameonja tu.

"Tuliambiwa unafanya mtihani," akasema kwa upole. "Nani atakula mpaka akuangushe?"

Nikaulizia zaidi. Kumbe alfajiri shangazi alikuwa amepita mlango kwa mlango akiwaomba watu wale mikate yao ya gurusa nyumbani kwanza, ndipo waje. Hata wageni wa Kawangware walipashwa habari njiani. Kibra nzima ilikuwa imejifunga tumbo ili hesabu yangu ipite.

Asubuhi yake rafiki wa baba alikuwa ameketi tayari, chai mkononi. Nikasimama mbele yao nikaeleza kila kitu, na kwamba ile pilau haikuthibitisha lolote.

"Kwa hiyo hesabu yako ni mbaya," akasema baba.

"Sijui, baba. Nilihesabu matumbo. Sikufikiria kwamba watu wakijua wanahesabiwa watabadili mwendo. Hisabati peke yake haikuliona hilo, na uchumi peke yake usingejua kulipima. Ndiyo maana nayasoma pamoja."

Nyuma ya pazia shangazi aliacha kukoroga. Masharubu ya baba yalitikisika, na kwa muda sikujua ni hasira au ni kitu kingine.

Rafiki yake akasema ofisini hawahitaji mambo mengi hivyo, wanahitaji kijana wa kujumlisha na kunyamaza.

"Basi huyu hatawafaa," baba akamjibu. "Akipata jibu zuri anakosa usingizi."

Akainuka, akamchukulia mgeni kofia yake, akaipangusa kwa kiwiko cha kanzu. Wakapeana mikono kwa muda mrefu, wakaulizana habari za wake na za magoti. Mgeni akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeacha mzigo mzuri stesheni, akatoka. Baba akafunga mlango.