Mjomba Aliyechorwa Mdogo

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu wa Agosti umelala juu ya meza za soko la samaki, kusini mwa Lima. Ni ukungu mzito kiasi kwamba siku ambayo samaki wamekosekana, wachuuzi wanaweza kuukata vipande wakaufunga kwenye gazeti, na wateja wasijue tofauti mpaka wafike nyumbani.

Epifania Huarcaya, mwanamke wa miaka thelathini na sita, anapasua samaki. Kisu chake kina kasi ya ajabu. Wenzake huapa kwamba samaki aliyepita mikononi mwake hugundua hana matumbo akiwa tayari kwenye kikaango.

Lakini leo mikono hiyo haitulii. Kila akimaliza samaki mmoja, anachovya kidole kwenye wino wa ngisi na kuchora mezani: pembe ya fahali, ukingo wa kofia, mguu unaopanda mlima. Maji yanapita, yanafuta. Anachora tena.

"Epifania!" anafoka Bi Domitila, mwenye meza. "Bwana kaomba kilo mbili za samaki, wewe unamchora pua!"

"Pua yenyewe si kilo mbili, mama? Nimempimia."

Wabeba makreti wanaangua kicheko. Mwenye pua naye anacheka, analipa, kisha anainama kuitazama vizuri kabla maji hayajaichukua.

Kinachomkosesha Epifania utulivu kinajulikana na meza nzima. Jumapili, ubao wa kwanza aliouchora mwenyewe, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, utapelekwa nyumbani kwa watu. Ukipokelewa, ataacha kisu. Ukikataliwa, meza ya Bi Domitila inamngoja, na ngisi wake.

"Usiku nalala na macho yangu yanakaa kitako," anasema huku akifuta kisu kwenye aproni. "Najiuliza, je, yule nimempa kofia yake? Na yule mbwa, nimemchora miguu mingapi?"

Epifania alizaliwa Sarhua, kijiji cha milimani huko Ayacucho, akaletwa Lima na mama yake akiwa na miaka kumi na mmoja. Tangu alipokuwa kigori anapasua samaki. Bahari ikiwa na ukarimu, anarudi nyumbani na soli arobaini, pesa ya Peru, kwa siku. Bahari ikinuna, anarudi na harufu tu.

Harufu hiyo ndiyo iliyomchelewesha kwenye sanaa. Miaka miwili iliyopita alipobisha hodi kwenye karakana ya Mzee Hipólito Yucra, mchoraji wa mbao za Kisarhua aliyehamia mtaa wa kilimani hapa Lima, alikuwa ameoga kwa sabuni na ndimu. Hata hivyo paka wote wa mtaa walikuwa wamemsindikiza, wamejipanga nyuma yake kama waumini kwenye maandamano ya mtakatifu.

"Nikamwambia, wewe ingia, paka wabaki," anakumbuka Mzee Hipólito. "Kuna mmoja aliingia. Yuko mpaka leo. Hajui kuchora, lakini anajua kukosoa."

Kwenye karakana hiyo Epifania alipewa kazi wanayopewa wanawake wengi: kujaza rangi. Mstari mweusi, ule unaomfanya mtu awe mtu, huchorwa kwa unyoya wa kuku, na unyoya hushikwa na Mzee Hipólito pamoja na wanawe wa kiume.

"Nilijaza sketi nyekundu mpaka nikaanza kuota zinanifukuza," anasema Epifania.

Hakuridhika. Jioni moja kila wiki alianza kuhudhuria darasa la bure la kuchora kwenye ukumbi wa parokia. Huko mwalimu aliwapeleka dirishani na kuwaonyesha kwamba kilicho karibu huchorwa kikubwa, na kilicho mbali huchorwa kidogo. Epifania alirudi nyumbani akiitazama barabara kama mtu aliyeibiwa kwa miaka mingi na leo ndiyo kamjua mwizi.

"Nilifumba jicho moja, nikaufunika mlima mzima kwa kidole gumba. Nikajiambia, kumbe!"

Mwezi Juni, Leoncio, fundi wa mabomba, alifika karakana. Yeye ni kompadre wa Edilberto Canchari, maana ndiye aliyemshika mtoto wa Edilberto siku ya ubatizo. Edilberto alikuwa anakaribia kuezeka nyumba yake, na kwa watu wa Sarhua, nyumba ikiezekwa, kompadre huleta ubao mrefu wenye picha za ukoo mzima. Chini kabisa hukaa Bikira Maria, kisha wenye nyumba, kisha ndugu kwa heshima zao, na juu kabisa jua. Ubao hukaa darini, ukoo ukiwatazama wenye nyumba wakila na wakigombana.

Mzee Hipólito, ambaye mgongo ulikuwa unamsumbua, alimtazama Epifania kwa muda mrefu.

"Chora wewe," alisema. "Ubao ukiingia nyumbani kwa watu, unyoya ni wako na kiti cha dirishani ni chako. Ukirudishwa, usirudi nao hapa. Nenda ukawachoree ngisi."

Leoncio alimtajia ndugu wote, mmoja mmoja, na tabia zao, kwa sababu kwenye ubao mtu hatambulikani kwa sura bali kwa anachofanya. Mmoja tu alikatazwa.

"Abelardo usimweke," alinong'ona Leoncio. "Mtoto wa mjomba Saturnino. Aliuza mmoja wa fahali wawili wa baba yake bila kuaga, akapanda basi kwenda Chile. Mwaka wa tisa huu. Ukilitaja jina lake, mzee anazima redio."

Hilo la redio si dogo. Mjomba Saturnino Canchari, mkubwa wa ukoo, anaishi Lima kwa binti yake lakini redio yake iliyofungwa kwa mpira huwa sikioni kutwa nzima, akisikiliza hali ya hewa ya Ayacucho. Majirani wanadai kwamba mvua ikinyesha huko, yeye hufungua mwavuli huku.

Jumapili adhuhuri, fidla na kinubi vinatangulia. Leoncio anapanda ngazi za mtaa na ubao mgongoni, umefungwa kwenye blanketi, nyuma yake wanawake wamebeba mahindi ya kuchemsha, viazi na simbilisi wa kukaanga. Epifania anafuata akiwa amevaa sketi ya mama yake. Unyoya na kichupa cha wino wa masizi viko mfukoni. Anasema havimtoki, hata msibani.

Ubao unaegemezwa mlangoni, unafunuliwa. Watu wanausoma kutoka chini kwenda juu, kila mtu akijitafuta.

"Huyu mimi! Kanichora nakula!"

"Sasa shangazi, angekuchora unafanya nini kingine?"

Edilberto anajiona na toroli lake la saruji, anajipiga kifua. Kicheko kinapanda ngazi kwa ngazi, mpaka kinafika sehemu ya mjomba Saturnino. Hapo kinakatika.

Kwenye sehemu hiyo kuna shamba pana, jeupe, karibu tupu. Mbali kabisa, juu ya mlima, kuna mtu mdogo kama kidole na fahali wake wawili.

Mzee anasogeza uso. Anashusha redio.

"Huyu panzi ni nani?"

"Ni wewe, mjomba," anasema Epifania. "Uko na fahali wako."

"Mimi? Kwenye ubao, aliye mdogo ni mtoto! Hata kuku wa Edilberto kanizidi kimo! Na redio yangu iko wapi?"

"Mjomba, uko mbali, kule mlimani. Kilicho mbali huonekana kidogo."

"Mbali wapi? Niko hapa nakukanyaga mguu!"

Ni kweli, anamkanyaga. Anaweka fimbo yake kukinga mlango. "Ubao huu hauingii. Ukiingia huo, mimi natoka."

Hakuna anayebishana. Mkubwa wa ukoo akikataa, kompadre hubeba ubao wake akarudi nao, na dari hubaki tupu. Leoncio tayari anaokota blanketi. Epifania anamtazama Mzee Hipólito. Mzee Hipólito anatafuna majani ya koka na kuyatazama mawingu kama mtu ambaye hajawahi kumwona mwanamke huyu maishani.

"Nipeni muda wa sahani moja ya chakula," anasema Epifania.

Anapiga magoti. Anachovya unyoya. Katika lile shamba tupu anamtoa mzee mkubwa kuliko wote: kofia, fimbo iliyokinga njia, redio sikioni na mpira wake. Mdomo anaufunga kwa ukali uleule wa mzee aliyemsimamia nyuma.

Mjomba Saturnino anajitazama. Anagusa redio iliyochorwa, kisha ya kweli.

"Hapo sawa." Halafu kidole kinapanda mlimani. "Na huyu mdogo sasa ni nani?"

Kinubi kinanyamaza. Leoncio anafumba macho.

"Aliye mbali, mjomba."

Mzee anainama tena. Anahesabu kwa kidole. "Fahali ni wawili."

"Wawili, mjomba."

Redio inatangaza baridi kali Ayacucho. Haizimwi.

"Huyo hakujua kuchunga," anasema mzee. "Alikuwa analala. Fahali wakaingia kwenye mahindi ya padre, wakala mpaka sadaka."

Mtu mmoja anacheka, kisha wote. Mzee anaondoa fimbo mlangoni. "Ingizeni. Msigongeshe jua."

Dari ni la zege, halina boriti ya kufungia ubao, basi unakazwa kwa bolti, Edilberto akitoboa na vumbi likinyesha kwenye viazi. Mzee Hipólito anapita karibu na Epifania bila kusimama. "Kiti cha dirishani kina mguu mmoja mbovu," anasema. "Uje na msumari."

Epifania ameshamuaga Bi Domitila, aliyelia, kisha akamdai aproni. Anasema ataendelea na darasa la parokia, maana Mzee Hipólito anamfundisha nani awekwe, na dirisha lile la parokia linamfundisha awekwe wapi. Ndoto yake ni ubao mrefu kuliko nyumba yoyote ya mtaa huu, wa watu wa Sarhua walioondoka: wa Chile, wa Italia, na wale ambao hakuna anayejua walipo. Mguu wa kiti ameshaukaza, lakini kukaa bado hajui. Anachora akiwa amesimama.

Jumanne mjomba Saturnino alifika karakana na mfuko wa mahindi, redio sikioni. Alizunguka, akamsogeza paka kwa fimbo.

"Yule mdogo wa mlimani," alisema, akitazama kwingine. "Anaweza kuletwa karibu kidogo?"

"Akirudi, mjomba, nitamchora anashuka."

"Na asiporudi?"

Epifania alichovya unyoya, akausogelea ubao mpya.

"Basi leo naanza na barabara."