Picha ya Mama, Emali

Juzi nilikuwa kwenye kompyuta nikiunganisha picha za nebula, yale mawingu ya gesi kati ya nyota, nilizopiga huko Kwa Vonza. Wekundu ulipojitokeza polepole gizani, nilikumbuka alasiri moja ya utotoni katika studio ya picha ya baba, mjini Emali. Watu wa kanisa walikuwa wameniambia mama ameenda kupumzika. Chumba cha kusafishia picha kilinuka dawa kali kama siki, na nje malori yalinguruma. Baba alitikisa karatasi nyeupe ndani ya trei ya dawa, akingoja picha ijitokeze.

"Usiguse, Mutua," alisema taratibu. "Mama yako anakuja."

Tulipotoka niliketi mlangoni, nikimtazama kila mwanamke aliyepita. Sikujua picha ile ilikuwa ya kuwekwa juu ya jeneza. Jioni baba alinikuta bado pale.

"Unangoja nani?"

Nilipomwambia, aliketi kando yangu vumbini, akalia.